Ufundi wa Kuuliza

Mpe rafiki yako programu ya simu uliyoitengeneza mwenyewe, aijaribu, kisha muulize ameionaje. Atasema nzuri. Atasema hongera, umefika mbali, Mungu akuzidishie. Wiki ikipita, ukichungulia takwimu zako, utakuta aliifungua siku ile ile mbele yako na hakuigusa tena. Hana ubaya wowote. Amelelewa kama ulivyolelewa wewe: kazi ya mtu haitiwi dosari mbele ya macho yake, seuze akiwa ameikeshea na sasa anakuonyesha huku anatabasamu.

Kwa hiyo ninapotaka kuwasifu wasanidi programu wanaojitegemea, hao wasio na kampuni wala mwekezaji, siwasifii ujuzi wa kuandika programu. Ujuzi huo una vyuo vyake na wasifiaji wake. Nawasifia ufundi mwingine usio na cheti: kumfanya mtu mwenye adabu zake akwambie ukweli kuhusu kitu kibovu ulichomtengenezea, tena akwambie kwa namna ambayo kesho asubuhi unaweza kukaa ukakirekebisha.

Kampuni kubwa ina watu wa utafiti na bajeti ya kuwalipa wanaohojiwa. Huyu wa peke yake ana chumba cha kupanga, kompyuta aliyoinunua mkononi kwa mtu, na akaunti ya Google Play aliyoilipia dola 25 mara moja basi. (Apple wanataka dola 99 kila mwaka, na hata hivyo wateja wake wengi wameshika Tecno na itel.) Akifungua akaunti yake binafsi leo anakutana na sharti lililoanza Novemba 2023: kabla programu haijaruhusiwa kwenda kwa umma, iwe imejaribiwa na watu 20 kwa siku 14 mfululizo. Desemba 2024 idadi ikashushwa hadi 12. Nia ilikuwa njema. Kilichozaliwa ni soko la nijaribie nikujaribie. Wanaume kumi na wawili wasiojuana wanapakua programu ya kuhesabu siku za mwezi za wanawake, wanaifungua kila asubuhi kwa sekunde chache ili siku zitimie, kisha wanaandika kwamba ni programu safi sana na rangi zake zinapendeza. Sharti limetimia. Watu wa kujaribu msanidi amewapata. Wa kumwambia kitu hana hata mmoja.

Anayeijua kazi hii huanza kwa kulitupa lile swali la "umeionaje". Fundi cherehani aliyekomaa hakuulizi kama gauni umelipenda. Anakwambia inua mkono, kaa, inama kama unaokota kitu, na wakati huo macho yake yako kwenye mshono wa kwapa. Msanidi mzuri naye haulizi mtu anafikiri nini, anauliza jana alifanya nini. "Mara ya mwisho mteja alipokopa, uliandika wapi?" "Alipokuja kulipa, ulimtafutaje?" Maswali kama haya hayamlazimishi mtu kukosoa. Yanamwomba asimulie, na kusimulia hakuna anayeona haya.

Nimewahi kukaa na mmoja wao akiwa kazini. Kijana huyu alikuwa ametengeneza programu ya daftari la madeni kwa maduka ya mtaani, na siku hiyo tulikuwa kwenye duka moja Mbagala, yeye amekalia kreti la soda nyuma ya kaunta, simu yake ameitia mfukoni. Alimwomba mwenye duka kitu kimoja tu: aendelee na kazi kama vile sisi hatupo. Mama yule alikuwa anapima sembe, kwa hiyo vidole vilikuwa vyeupe kwa unga. Simu aliibonyeza kwa kifundo cha kidole, na mara mbili kati ya tatu haikumsikia. Akaja mteja wa dirishani, akachukua sukari nusu kilo na kipande cha sabuni, akasema andika. Programu ikataka majina mawili na namba ya simu. Mama akaandika "Zuwena mbele". Kwenye namba ya simu akabonyeza sifuri mpaka nafasi ikajaa.

Namba ya Zuwena angeijuaje, na ya nini? Anakaa nyumba ya tatu kutoka pale.

Kijana hakusema kitu. Akaandika kwenye karatasi. Lakini jambo lililomtoa jasho lilikuja baadaye kidogo. Programu ilipohifadhi lile deni, ilirudi kwenye ukurasa wa mwanzo: orodha ya wadaiwa wote, na juu yake jumla ya madeni kwa tarakimu kubwa nyekundu. Rangi ile alikuwa ameichagua mwenyewe, na njiani kuja alinisimulia kwa fahari namna itakavyomfanya mwenye duka aone kwa jicho moja fedha zake zilizoko nje. Mama akaitupia jicho mara moja, kisha akaigeuza simu kifudifudi juu ya gunia la mchele ndipo akanyoosha mkono kumpa mteja aliyefuata chenji. Alipoandika deni jingine, akaigeuza tena. Na tena.

"Mbona unaifunika?" kijana akauliza.

Mama akacheka. "Sasa huyu aliyesimama dirishani aone madeni ya jirani yake? Jioni si nitaitwa kwa mjumbe."

Daftari la karatasi lilikuwa linamtunzia siri bila mtu kuliagiza: ukurasa wa Zuwena ukiwa wazi, kurasa za wengine zimelala chini yake. Kijana alihamisha kila kitu kutoka kwenye karatasi isipokuwa siri hiyo. Na hakuna fomu ya maoni ingemletea habari hiyo. Mama yule, ukimuuliza kama programu ina tatizo, angekujibu haina. Kwake yeye lile halikuwa tatizo la programu, lilikuwa jambo la adabu, na adabu alikuwa ameshaishughulikia mwenyewe kwa kuifunika simu.

Jakob Nielsen, Mdenmarki aliyetumia maisha yake kuchunguza namna watu wanavyohangaika na kompyuta, aliandika mwaka 2000 kwamba ukiwatazama watu 5 tu wakitumia kitu chako utakuwa umekwisha kuona takriban asilimia 85 ya kasoro zake za matumizi. Hesabu hiyo aliifikia pamoja na Thomas Landauer miaka ya 1990, na wataalamu hawajaacha kuibishania. Mimi simo kwenye ubishi huo. Ninachojua ni kwamba kwa mtu asiye na bajeti hiyo ni habari njema, maana watu 5 wanapatikana hata kwa nauli ya daladala. Ila wawe ndio wenyewe. Watu 5 wa Masaki, wenye simu za bei mbaya na intaneti isiyokatika, watakuonyesha kasoro za Masaki.

Si kila mtu anaweza kufuatwa dukani. Programu ikishafika Tunduma na Kigoma, kinachorudi ni maandishi, na maandishi ya mtu aliyekasirika ni mafupi. Nyota moja na neno moja: "Mbovu." Anayeanza kazi hii huumia, akajitetea hadharani, akaeleza kwamba wengine mbona inawafanyia vizuri. Aliyekomaa huanza kupekua. Google humwonyesha msanidi, kando ya maoni, aina ya simu iliyotumika, toleo la Android na toleo la programu yenyewe. Kumbe ni simu ndogo, toleo la zamani. Anakwenda kwenye takwimu za hitilafu. Huko Android huhesabu kwamba programu imeganda pale inaposhindwa kuitikia mguso ndani ya sekunde 5, na wakigandiwa asilimia 0.47 ya watumiaji wake wa siku, Google inaweza kuisogeza nyuma wasiione wanaotafuta. Takwimu hizo zinamwambia mahali penyewe. Kwa nini, haziwezi kumwambia. Hilo analo yule aliyeandika "Mbovu", ambaye jina lake hulijui na namba yake huna.

Unacho kijisanduku cha kumjibu, herufi 350, usizidishe. Wengi huzimaliza kwa kuomba radhi na kuahidi kuboresha huduma. Fundi hutumia chache kushukuru, na zinazobaki huulizia jambo moja linalojibika: "Inaganda ukiifungua tu, au ukitafuta jina?" Hata mwenye hasira hujibu swali la hivyo, kwa sababu jibu lake ni neno moja na tayari analo. Nimeona nyota moja ikigeuzwa nne kwa swali la namna hiyo, kabla hata marekebisho hayajatoka.

Walalamikaji basi si wagumu. Wagumu ni wenye suluhisho mkononi. Kijana wetu wa madeni aliandamwa kwa muda mrefu na ombi moja: weka namba ya siri. Lilitoka Tanga, likatoka Morogoro, likaja kwa nyota na kwa WhatsApp. Msanidi mwepesi angeiweka wikendi ile ile akapigiwa makofi. Yeye akawa anawarudia mmoja mmoja na swali: kilitokea nini mpaka ukaitaka? Majibu yalikuja kwa sauti, za dakika tatu, za dakika nne, kuku wanasikika nyuma. (Kwa maoni yangu ujumbe wa sauti unazishinda fomu zote zilizowahi kubuniwa. Watu wetu husimulia vizuri kuliko wanavyojaza.) Mmoja: mtoto alipewa simu aangalie katuni, akafuta madeni ya mwezi mzima. Mwingine: mpwa wake, habari ile ile. Wa tatu alifuta mwenyewe, kifundo cha kidole kiliteleza. Mwizi hakuna aliyemtaja.

Namba ya siri ingesimama kati ya mwenye duka na kila mteja, kutwa nzima, mikono ina unga. Kijana akafanya kitu kingine: deni lililofutwa halipotei, linakaa pembeni siku 30 na linarudishwa kwa mguso mmoja. Maombi ya namba ya siri yakapungua yenyewe. Hakumnyima mtu alichohitaji; alimnyima alichokitaja tu, na kutofautisha hayo mawili ndiyo nusu ya ufundi wenyewe.

Kuna na maoni yanayotolewa bila mtu kufungua kinywa. M-Pesa, ambayo leo tunaizungumzia kama vile iliteremshwa na mvua, ilipojaribiwa Kenya kuanzia Oktoba 2005, huko Thika na Nairobi, ilikuwa ni njia ya wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu kulipa marejesho yao kwa simu. Ndilo lilikuwa kusudio. Wakopaji wakaanza mambo yao. Mtu anaweka fedha anapotoka, anazitoa anapofika, asisafiri nazo mfukoni. Mwingine anamlipa mwenzake wa biashara. Mwingine anatuma kwa ndugu. Vodafone na Safaricom wangeweza kusema hawa wanatumia vibaya mfumo wetu. Badala yake, Machi 2007 huduma ilipozinduliwa, marejesho ya mkopo yalikuwa yamewekwa kando na jambo la mbele lilikuwa kutuma pesa nyumbani. Zilikuwa kampuni kubwa, sikatai, zenye fedha za kukosea. Lakini kilichotazamwa pale hata mtu mmoja anaweza kukitazama, bora awe hajaipenda mno ramani aliyoichora mwenyewe.

Wanaofuta programu kimyakimya kwa sababu simu imejaa picha za harusi, hao hawaulizwi. Wanapunguziwa uzito wa programu, basi.

Kuna sehemu moja ndogo ya kazi hii ninayoipenda kuliko zote. Kila sasisho linapotoka, Google Play humpa msanidi nafasi ya herufi 500 kueleza kilichobadilika. Kampuni kubwa huandika kila mara kwamba zimerekebisha hitilafu na kuboresha utendaji, maneno ambayo hayajawahi kumnufaisha binadamu. Kijana wetu aliandika hivi: orodha ya madeni sasa haionekani mpaka uiguse, shukrani kwa mama wa Mbagala, namba ya simu si lazima tena, na ukifuta deni kwa bahati mbaya, utalikuta kwenye "Yaliyofutwa" kwa siku 30. Mtu akisoma hapo anajua kwamba upande wa pili kuna anayesikiliza, na kwamba akisema la kwake linaweza kuandikwa vilevile. Ujumbe ukaongezeka siku hizo hizo.

Mmoja ulikuwa wa sauti, kutoka kwa mwenye duka wa Morogoro, ameinong'oneza simu: "Hiyo ya kurudisha nimeipenda, mwanangu. Ila sasa mume wangu anayaona madeni ya dada yangu niliyoyafuta."

Kijana aliisikiliza mara mbili, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akashika kitufe cha kurekodi. "Pole, mama. Aliyaonea wapi? Alikuwa na simu yako mkononi, au ulikuwa umeifungua wewe?"