Mikono Iliyoirudisha Treni Moshi

Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam iliingia tena Moshi, baada ya njia hiyo kukaa zaidi ya miaka 20 bila abiria. Mwezi wenyewe uliangukia pazuri. Desemba ndipo Wachaga wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, mabasi yanapojaa, na mwenye familia kubwa anapokaa chini kupiga hesabu ya nauli mara mbili. Sifa nyingi zilienda kwa kichwa cha treni na mabehewa yake, na zilistahili. Mimi sifa zangu nazipeleka kwa gengi la reli, watu wa sururu, beleshi, jeki na mtaimbo. Bila kazi yao kichwa kile kisingefika hata Korogwe.

Njia waliyokabidhiwa ni mzee. Ndiyo reli ya kwanza kujengwa Tanzania Bara. Wajerumani waliianza Tanga mwaka 1893, na kampuni iliyopewa kazi ikafika Muheza mwaka 1896 huku imeishiwa fedha. Serikali ya kikoloni ikaichukua mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Moshi mwaka 1911. Kilomita 352 kutoka baharini hadi chini ya Kilimanjaro zilikula miaka 18. Waingereza nao wakaja wakaisogeza hadi Arusha mwaka 1929. Mwaka 1963, uhuru ukiwa bado mchanga, kipande cha kutoka Ruvu hadi Mruazi kikaiunganisha na Reli ya Kati, ndipo treni ya Dar es Salaam ikapata njia ya kwenda kaskazini. Ilibeba katani ya Korogwe na kahawa ya Moshi, ikabeba wanafunzi, askari, wafanyabiashara wa ndizi na maiti waliokuwa wakirudishwa kwao kuzikwa.

Kisha magari yakashinda. Barabara ilipopata lami, abiria walihama kidogo kidogo, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria ya kaskazini ikasimama. Reli isiyopitiwa haikai kama ilivyoachwa. Mvua huleta udongo, udongo hujaza nafasi kati ya kokoto, na kokoto zikishajaa udongo hazipitishi maji tena. Hapo nyasi huota, baada ya nyasi vichaka, baada ya vichaka miti, na mizizi yake huinua taruma moja kati ya yale yanayolala chini ya reli na kuliacha la pili. Boliti hushika kutu. Nyingine hufunguliwa usiku na kuuzwa kama chuma chakavu. Kwenye makutano na barabara, reli hufukiwa na kifusi hadi mgeni asijue kwamba hapo palipita treni. Shamba husogea kutoka upande mmoja, kibanda kutoka upande wa pili.

Ndiyo hali ambayo mafundi wa Shirika la Reli Tanzania waliikuta walipoanza kuifufua njia. Kufyeka na kung'oa visiki huonekana mapema, na mpita njia akiona kumefyekwa hudhani kazi imekaribia kwisha. Kwa mjuzi wa reli, kazi ndipo inapoanza.

Tulitazame gengi likishindilia taruma. Reli za hapa ni za geji ya mita moja, yaani milimita 1,000 kutoka ubavu wa ndani wa reli hii hadi ubavu wa ndani wa ile. Mengi ya mataruma ya njia za zamani ni ya chuma, kwa sababu mbao huliwa na mchwa. Taruma la chuma lina umbo la mtumbwi uliopinduliwa: mgongo juu, uwazi chini, na ncha zake mbili zimekunjwa kushuka ili zijichimbie ndani ya kokoto na kuizuia njia isiteleze kando. Uzuri wa umbo hilo ndio ugumu wake. Uwazi wa chini lazima ujazwe kokoto mpaka pasibaki pengo, na hakuna anayeweza kuchungulia humo kuona kama pamejaa.

Mnyapara huanza kwa jicho. Hupiga goti, au hulala kifudifudi kabisa, akaliweka jicho usawa wa reli na kuangalia mbele mita nyingi. Bonde ambalo mtu aliyesimama hawezi kuliona, yeye huliona. Hunyoosha mkono kumwelekeza mwenzake hadi asimame juu ya taruma lililozama, kisha taruma hilo hutiwa alama ya chokaa. Jeki huwekwa chini ya reli na kuinua polepole, huku mwingine ameweka pima maji juu ya reli zote mbili ili moja isipande kuliko nyingine. Mnyapara bado yuko chini na jicho lake. Akisema basi, ni basi.

Halafu wanne hujipanga, wawili kila upande wa taruma, wakitazamana. Kila mmoja ana sururu yenye ncha moja bapa. Hupiga kwa zamu, huyu akishusha mwenzake anainua, na kokoto husukumwa chini ya taruma kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja, zikutane katikati na kubanana. Anayepiga peke yake upande mmoja huzihamishia tu kokoto upande wa pili. Nguvu zote huelekezwa chini ya mahali reli ilipokalia. Katikati ya taruma huachwa kokoto zikae legevu kidogo, maana taruma likibebwa na kitovu chake litayumba huku na huku kila gurudumu likipita, na baada ya miezi litapinda au kupasuka. Kanuni hiyo yaweza kusemwa kwa sentensi moja. Kuifuata kwenye jua la Mkomazi, kuanzia taruma la kwanza la asubuhi hadi la mwisho la jioni, bila pigo la mwisho kuwa hafifu kuliko la kwanza, ni suala la tabia ya mtu.

Wakimaliza, mnyapara hupita na mtaimbo akigonga mataruma, moja baada ya jingine, huku akisikiliza. Taruma lililoshiba hujibu kwa sauti fupi na nzito. Lenye pengo huvuma. Likivuma, wale wanne hurudi palepale na kuanza upya, na hakuna anayebisha, kwa kuwa sikio la mnyapara limeshapimwa na treni nyingi.

Maungio nayo yana elimu yake. Chuma hurefuka kwa joto. Reli ya mita 12 ikipata joto la ziada la nyuzi 40, tofauti ya kawaida kati ya alfajiri na adhuhuri ya jua kali, hurefuka kwa milimita 5 na nusu hivi. Ni kidogo, lakini kwa kilomita nzima urefu huo unakaribia nusu mita, na lazima uwe na mahali pa kwenda. Kwa hiyo kati ya reli na reli huachwa mwanya, na reli hizo mbili hushikwa kwa mabamba mawili ya chuma yenye boliti, yaliyopakwa grisi ili reli iweze kuteleza ndani yake. Mwanya ukiwa mdogo mno, reli zitasukumana adhuhuri mpaka njia ifyatuke kando. Ukiwa mkubwa mno, kila gurudumu litagonga ncha ya reli na kuibonda, na taruma la chini yake litazama.

Upana wa mwanya unategemea joto la chuma wakati wa kufunga. Fundi anayefunga asubuhi ya baridi huacha mwanya mpana, na anayefunga saa nane mchana huuacha mwembamba. Boliti hukazwa kiasi cha kushika tu, maana zikikazwa kupita hapo reli itakosa ule mwendo wake mdogo wa kila siku. Ule mdundo wa treni ambao abiria husinzia nao usiku ni magurudumu yakivuka mianya hiyo, na mjuzi akiusikiliza ndani ya behewa huweza kutambua maungio yaliyolegea.

Kwenye kona ndipo hesabu na mkono hukutana. Magurudumu mawili ya treni yamefungwa kwenye mhimili mmoja, kwa hiyo huzunguka sawasawa hata pale reli ya nje ilipo ndefu kuliko ya ndani. Ili yapite salama, uso wa kila gurudumu umechongwa kwa mteremko, na reli ya nje huinuliwa kidogo juu ya ya ndani ili uzito wa treni uegemee vizuri. Mwinuko huo hauwezi kuanza ghafla. Lazima upande pole pole kabla ya kona, utulie ndani yake, ushuke pole pole mbele yake. Mhandisi huandika vipimo, na gengi huviweka ardhini taruma kwa taruma.

Njia ikihitaji kusogezwa kando, hata kwa upana wa kidole, watu hujipanga kwenye reli na mitaimbo yao. Mmoja huimbisha, wengine huitikia, na kwenye kiitikio ndipo wote husukuma kwa pamoja. Wimbo ndio unaoiunganisha misuli ya watu wengi kwa nukta moja, kazi ambayo hesabu ya "moja, mbili, tatu" huifanya vibaya kwa sababu kila mtu ana "tatu" yake.

Kisha kuna maji, adui mkubwa kuliko treni yoyote. Njia hii inapita chini ya Usambara, chini ya Upare, halafu inapanda kupitia makorongo yanayoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru, ikifika Arusha kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mvua ikinyesha milimani, maji hulifikia tuta la reli kabla watu wa tambarare hawajaona hata wingu. Gengi zuri hujulikana kwa mitaro yake. Huzibua makalavati wakati wa kiangazi, huondoa mchanga na magogo chini ya madaraja, na huchonga mabega ya tuta ili maji yateremke badala ya kutuama. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwenye reli, usipozibua kalavati la mita moja utajenga tuta la mita mia.

Hata mpango wa kuifungua njia ulifuata busara ya watu hawa. Treni za mizigo zilitangulia Julai 2019, abiria wakafuata Desemba, na Arusha ikafikiwa na abiria Oktoba 2020. Njia iliyotoka kushindiliwa haijatulia. Kokoto mpya hujipanga zenyewe kadiri uzito unavyopita, hapa zikishuka, pale zikishikilia. Kwa hiyo treni za kwanza huendeshwa taratibu, kiberenge hutangulia kukagua, na gengi hurudi kushindilia tena yale yaliyozama. Uzito wa mizigo huisaidia njia kujipanga kabla mtu hajalaza mwanawe kwenye kiti cha daraja la tatu.

Na hapo ndipo heshima yangu kwao inapozidi. Fundi wa nyumba akimaliza huikabidhi na kuondoka. Fundi wa reli hana siku ya kukabidhi. Treni ya kwanza ikipita juu ya kazi yake huanza kuibomoa, kidogo tu, na ya pili huendeleza. Ufundi wake ni wa kurudi: kurudi kwenye taruma lilelile, kona ileile, kalavati lilelile, na kuliangalia kila mara kana kwamba halijui, ili mazoea yasimfiche ufa mpya. Akifanya vizuri, hakuna kinachotokea. Abiria hulala usiku kucha, huamka Same, hushuka Moshi na mizigo yao bila kuwa na sababu yoyote ya kumfikiria.

Nchi yetu sasa ina pia reli ya kisasa, ya geji ya milimita 1,435, yenye mataruma ya zege, reli zilizochomelewa na mitambo ya kushindilia. Ni jambo la kujivunia, na mitambo hiyo ina ufundi wake. Lakini reli ya kaskazini itaendelea kuwa ya geji ya mita moja kwa muda, na itaendelea kuhitaji jicho lililo usawa wa chuma na sikio linalotofautisha taruma lililoshiba na lenye pengo. Vitu hivyo havifundishiki ubaoni peke yake. Kijana anayetoka chuo cha reli Tabora na vipimo vyake kichwani anahitaji kukaa ndani ya gengi, chini ya mnyapara mzoefu, aone masika na kiangazi kwenye kipande kilekile, akosolewe mpaka mkono wake ujue.

Kwa hiyo magengi yapewe watu wa kutosha, nyumba zinazofaa kandokando ya njia, vifaa visivyoazimwa, na mshahara unaomfanya mzazi amwambie mwanawe bila aibu kwamba kazi ya reli ni kazi. Treni ya abiria imerudi kaskazini kwa sababu walikuwepo watu wachache ambao bado walijua jinsi ya kuitengenezea njia. Miaka 20 ijayo itakuwepo ikiwa tutakuwa tumewapa warithi wakati bado wanaweza kupiga goti na kuwaonyesha.