Uhakiki wa Utafiti wa Kaya kama Kipimo cha Matumizi ya Dawa za Kulevya: Mfano wa Marekani

Sehemu hii inahakiki utafiti wa kaya kama nyenzo ya kupima matumizi ya dawa za kulevya. Mfano unaorejelewa ni Utafiti wa Kitaifa wa Matumizi ya Dawa za Kulevya na Afya wa Marekani, ulioanza mwaka 1971 kwa jina jingine, na ambao kwa kawaida huwahoji watu wapatao 67,500 kwa mwaka, wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Hoja inayotetewa ni kwamba utafiti huo huonyesha vema mwelekeo wa dawa zilizoenea, kama bangi, lakini hauwezi kutegemewa kuhesabu watumiaji sugu wa heroini.

Ubora wa mbinu zake hauna budi kutambuliwa. Tangu mwaka 1999, katika mahojiano ya ana kwa ana, mhojiwa amekuwa akisikiliza maswali nyeti kwa vipokea sauti vya masikioni na kuingiza majibu kwenye kompyuta bila mdadisi kuyaona. Hata hivyo, mwaka 2002 wahojiwa walipoanza kulipwa dola 30, viwango vya matumizi vilipanda ghafla, na wasimamizi wakatahadharisha kuwa takwimu hizo zisilinganishwe na za miaka ya nyuma. Hivyo, sehemu ya kile kinachopimwa ni utayari wa kujibu.

Udhaifu mkubwa zaidi umo katika sampuli. Wafungwa hawahusishwi, wala watu wasio na makazi wasiolala katika vituo vya hifadhi. Aidha, mtumiaji sugu aliye katika kaya ni nadra kukutwa nyumbani, na akikutwa ana sababu ya kukana. Suala la kukana lilithibitishwa na programu ya ADAM, iliyowahoji watu waliokamatwa na polisi kisha ikawapima mkojo: wengi waliokutwa na kokeini au heroini mwilini walikuwa wamekana kuitumia siku za karibuni.

Athari yake si ndogo. Kwa mwaka 2010, utafiti wa kaya ulikadiria watumiaji wa heroini wa kila siku au karibu kila siku kuwa takribani 60,000, ilhali watafiti waliotumia pia takwimu za ADAM walikadiria takribani milioni moja. Pengo hilo haliwezi kuzibwa kwa kuongeza wahojiwa, kwa kuwa sampuli kubwa isiyowafikia walengwa huimarisha tu jibu lisilo sahihi. Pamoja na hayo, ADAM ilisitishwa baada ya mwaka 2013, wakati fentanili ilipokuwa ikianza kuenea, na utafiti wa kaya ukaendelea.

Kwa kuhitimisha, takwimu za kaya zisitumike peke yake kukadiria mahitaji ya tiba, kama vile nafasi za methadoni. Zisomwe sambamba na takwimu za mahabusu, vituo vya tiba na vifo. Kaya zinapokuwa chanzo pekee, wanaohitaji huduma zaidi ndio wanaokosekana katika hesabu, na hatimaye katika bajeti.