Sikio la Uboho: Jinsi Lilivyotafutwa na Kupatikana

Huko Kashikishi, wilayani Nchelenge nchini Zambia, muuguzi huvuta kope la chini la mtoto aliyeugua malaria na kutazama kwa ndani. Panapotakiwa kuwa pekundu, pamepauka. Vimelea vimepasua chembe nyekundu za damu. Kando ya Ziwa Mweru mbu aina ya Anopheles funestus huuma hata kiangazi, kwa hiyo damu ya watoto haipati nafasi ya kupumzika.

Damu hiyo hurudije? Figo zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni ya erithropoietini, nayo huuamuru uboho wa mifupa kuzalisha chembe mpya. Jeni ya homoni hiyo ilipatikana mapema, na mwaka 1985 ilikwisha kutangazwa. Lakini amri bila sikio ni kelele tu. Sikio lenyewe, yaani kipokezi kilicho juu ya seli changa za damu, lilisumbua: kila seli huwa na vipokezi visivyofika hata elfu moja, vichache mno kwa kuchujwa kikemia.

Mtafiti Harvey Lodish wa MIT na Taasisi ya Whitehead, Marekani, pamoja na Alan D'Andrea na Gordon Wong, waliingilia mlango mwingine. Walichukua seli za saratani ya damu ya panya, zenye kipokezi hicho, wakanakili ujumbe wa jeni za seli hizo kuwa DNA. Nakala wakazigawa mafungu, wakayatia katika seli za figo za tumbili, zisizo na kipokezi hicho. Kisha wakazimwagia homoni yenye alama ya mnururisho. Fungu lililoinasa homoni ndilo lililoficha jeni.

Mwanika chisense, dagaa wa Mweru, akisikia harufu ya mafuta ya taa kwenye shehena, hakagui samaki mmoja mmoja. Hugawa lundo, hunusa, hugawa tena. Watafiti nao walifanya vivyo hivyo hadi ikabaki jeni moja, ya protini yenye asidi amino 507. Walitangaza mwaka 1989. Sura ya kipokezi hawakuijua; waliijua kazi yake, na hiyo ilitosha kukitambua.

   

Somo la amri na sikio lina uzito Nchelenge. Katika malaria kali homoni mara nyingi huwa tele, ila uboho hauitiki ipasavyo, kwa kuwa masalia ya vimelea na uvimbe huudhoofisha. Kuongeza amri pekee hakutoshi; kwanza vimelea viondoke, tena mapema. Ndiyo maana inafaa mtoto aliyemaliza dawa arudishwe kliniki baada ya wiki kadhaa, kope livutwe tena, ionekane kama uboho umesikia.