Rukh na Vorompatra: Hadithi ya Bukini Ikisomwa Kongwa

Katika hadithi za Sindbad Baharia, ambazo wasomaji wa Kiswahili wamekuwa nazo kwa lugha yao wenyewe tangu zama za ukoloni, hakuna kiumbe kilichokaa katika fahamu za watu kuliko rukh. Ni ndege mkubwa mno. Yai lake laonekana kwa mbali kama kuba jeupe, na makinda yake hulishwa ndovu. Desturi ya wahakiki ni kumtia katika fungu moja na majini na farasi wa mbao arukaye, yaani miujiza isiyodai ushahidi. Usomaji huo una upungufu, na upungufu wenyewe wadhihirika zaidi hadithi ikisomwa mbali na bahari, mathalan huko Kongwa, katika nyanda kavu za kati ya Tanzania.

Sababu ya kwanza ni kipimo. Mtu wa nchi ile hahitaji kufafanuliwa habari za ndege asiyeruka mwenye yai la kushangaza, kwa kuwa amjua mbuni, ama kwa kumwona ama kwa kusimuliwa. Yai moja la mbuni hulingana na mayai 24 ya kuku. Basi kisiwa cha Bukini, kiitwacho leo Madagaska, kilikuwa na ndege ambaye yai lake lililingana na mayai ya kuku 150 hivi, na urefu wake ulifika sentimita 30. Wakubwa wa jamaa hiyo walisimama kiasi cha mita 3, na uzito wao hukisiwa kuwa kilo 500 au zaidi. Mwaka 1851 mwanachuoni wa Paris, Isidore Geoffroy Saint-Hilaire, alimpa jina la kitaalamu la Aepyornis maximus baada ya mayai na mifupa kuletwa kwa jahazi. Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba jamaa yake wa karibu si mbuni, bali kiwi wa New Zealand, ndege asiyezidi kuku kwa ukubwa. Na uchunguzi wa mafuvu uliotolewa mwaka 2018 wadokeza kwamba macho yake yalikuwa dhaifu, na kwamba alitembea usiku. Yule ambaye mabawa yake yaliziba jua katika hadithi, kumbe hakuwa na mabawa ya kutosha hata kumnyanyua chini, akipapasa njia yake gizani msituni.

Wenyeji walikuwa na jina lake. Étienne de Flacourt, aliyekuwa gavana wa Wafaransa pale Fort-Dauphin, ataja katika kitabu chake cha mwaka 1658 ndege mkubwa wa nchi ya Ampatre, kusini mwa kisiwa, atagaye mayai kama ya mbuni na kutafuta mahali pasipo watu ili asikamatwe. Jina alilolisikia huandikwa leo vorompatra, yaani ndege wa Ampatre. Kama alisimuliwa habari za ndege aliye hai au kumbukumbu tu, wataalamu wabishana, maana yaelekea kwamba ndege hao walikuwa wamekwisha, au wamebaki wachache sana, miaka 1,000 hivi iliyopita. Vipande vya maganda ya mayai yao huokotwa hata leo katika michanga ya pwani ya kusini. Marco Polo naye, ambaye hakufika huko, alimweka rukh katika kisiwa hicho na kumbebesha ndovu, ingawa kisiwa hicho hakijapata kuwa na ndovu wa porini.

Msomaji mwenye habari hizo huiona safari ya tano ya Sindbad kwa sura nyingine. Wafanyabiashara washuka kisiwani, walivunja yai la rukh na kumla kinda. Wazazi wawili warudi, wachukua majabali, na merikebu yazamishwa. Wahakiki husema kwamba hapo msimulizi alitaka tu tukio la kuangamiza chombo, ili safari iendelee. Huenda. Lakini tukio lenyewe limejengwa juu ya haki: aliyekula mtoto wa mwenziwe hulipa. Huko Bukini mayai yaliliwa na hakuna jabali lililoanguka. Hadithi imempa ndege kisasi ambacho ndege wa kweli hakuwa nacho, na ladha ya sehemu ile, kwa ajuaye, imo katika tofauti hiyo.

Kwa habari za jinsi ndege huyo alivyokwisha, lugha yatoa ushahidi ambao hadithi haikuutoa. Kimalagasi ni cha ukoo wa Kiaustronesia. Otto Christian Dahl alionyesha mwaka 1951 kwamba jamaa yake wa karibu ni Kimaanyan cha Borneo. Hata hivyo majina ya wanyama wa nyumbani yametoka upande wa Afrika: omby ni ng'ombe, akoho ni kuku, amboa ni mbwa, na kanga huitwa akanga. Mgogo wa Kongwa, asemaye nghuku na ng'ombe, angeyatambua mengine pasipo mkalimani. Lakini vorona, yaani ndege, ni neno la mashariki, ndugu wa burung la Kimalei. Kwa hiyo neno la msituni lilikuja na mitumbwi ya mashariki, na maneno ya zizini na uani yalivuka kutoka bara hili.

Maneno hayo si pambo. Ng'ombe havuki bahari kwa jina tu. Ufugaji ulipoenea kisiwani, yapata miaka 1,000 iliyopita, moto ulitumiwa kupanua malisho, misitu mingi ikageuka nyasi, na wanyama wakubwa wa kisiwa wakatoweka karibu na wakati huo huo: lemuri wakubwa, kobe wakubwa, na vorompatra. Wataalamu hawajapatana juu ya sehemu ya ukame, ya mkuki na ya moto. Lakini katika shauri hilo neno omby ni shahidi, na shahidi huyo ni wa ukoo wa lugha zetu. Jambo la kusikitisha ni kwamba biashara haikurudisha jina la ndege. Waswahili walikuwa na jina lao la kisiwa, Bukini, na hata leo lugha ya jamaa ya Kimalagasi isemwayo Mayotte huitwa Kibushi. Lakini ndege wa kisiwa hicho aliingia katika Kiswahili kwa njia ya kitabu cha Kiarabu, kwa jina la rukh, akiwa tayari amekwisha kuota mabawa.

Kongwa yaingia hapa kwa sababu ya pili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza pale Mpango wa Karanga, ambao hesabu yake ya kwanza ilikuwa ekari 3,210,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Tingatinga ziling'oa vichaka vya miiba na mibuyu, na nyuki waliokaa katika mashina wakawashambulia madereva. Mpango uliachwa mwaka 1951 baada ya pauni milioni 36 hivi kupotea, na sehemu ya ardhi iliyofyekwa ikawa ranchi ya ng'ombe. Kichaka chaondolewa, ng'ombe aingia: ndiyo habari ya Bukini kwa ufupi wa miaka minne. Maandishi juu ya Mpango huo, kuanzia kitabu cha Alan Wood cha mwaka 1950, yamejaa fedha, mitambo na lawama za wakubwa. Ndege hawamo.

Ndege wa Kongwa hawakutoweka duniani, na lingekuwa kosa kuwalilia kama vorompatra. Kilicho hatarini ni majina yao, kwa Kigogo na kwa Kikaguru, na hapo kamusi zetu zastahili lawama. Mara ngapi msomaji hukuta neno, na maelezo yake yakawa "aina ya ndege" basi? Mlembe aongozaye warina asali hadi kwenye shina lenye nyuki, na shomoro wa paani, wangeweza kuelezwa kwa maneno hayo mawili bila kosa lolote. Na ndiyo kasoro yake. Watunga kamusi wa zamani wana udhuru wa gharama na uchache wa wataalamu. Wa leo hawana.

Baadhi wamezoea kusema "ndege tembo", wakifuata Kiingereza. Tafsiri hiyo haifai: tembo yaweza kuwa mnyama au kinywaji, na isitoshe jina lenyewe limetokana na ndovu wa rukh, hata ngano yamrudia ndege kwa mlango wa nyuma. "Mbuni wa Bukini" lavutia zaidi, na mtu wa Kongwa angelipokea upesi, ila kiwi amelikanusha. Wala hapana usalama katika kuazima tu bila maelezo: mwanafunzi aambiwaye kwamba dodo alitoweka katika karne ya 17 huko Morisi hufikiria kwanza embe. Jina la wenyeji ndilo lifaalo, nalo lingeingizwa hivi:

*vorompatra*, nomino, ndege mkubwa wa misitu ya Bukini, asiyeruka, urefu kiasi cha mita 3, yai lake sawa na mayai ya mbuni 6 hivi. Alitoweka baada ya watu na ng'ombe kuenea kisiwani. Linganisha: rukh.