Sikio la Mhunzi

Zamani, kabla majembe ya viwandani hayajaenea, jembe la Mfipa lilitoka katika udongo wa Ufipa wenyewe. Kwenye uwanda huu wa juu, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, wayeyushaji walijenga malungu, matanuri ya udongo yenye kimo cha mita 3 hivi, yaliyojivutia hewa kupitia matundu ya chini bila mtu kuvukuta. Donge la chuma lilisafishwa tena katika kintengwe, tanuri dogo la mivukuto, ndipo mhunzi akalipokea kulifua.

Wengi huusifu mkono wa mhunzi. Mimi nalisifu sikio lake. Chuma chekundu kikipigwa hutoa mlio mzito, mfupi. Kikianza kupoa mlio hupanda, na fundi hujua ni wakati wa kukirudisha motoni. Jembe zima likigongwa hulia kwa muda. Lenye ufa hunyamaza upesi.

Elimu hiyo yote hupita katika mifupa mitatu ya sikio: nyundo, fuawe na kikuku. Sauti hutikisa kiwambo cha sikio, nacho huisukuma nyundo. Nyundo huisukuma fuawe, fuawe hukisukuma kikuku, na kikuku husukuma maji ya sikio la ndani. Pasipo mifupa hiyo, sauti ya hewani ingegonga maji yale na karibu yote ingerudi ilikotoka. Lakini eneo la kiwambo ni kubwa mara 17 hivi kuliko kitako cha kikuku, na mifupa yenyewe hufanya kazi ya wenzo, hata msukumo ukaingia ndani ukiwa umeongezeka mara 20 na zaidi. Kikuku kinachobeba kazi hiyo ndicho mfupa mdogo kuliko yote mwilini: urefu wake ni milimita 3 tu.

Kikuku kina mlinzi wake, msuli mwembamba unaokivuta sauti inapokuwa kubwa, kisitikisike kupita kiasi. Ila msuli huo huchelewa sehemu ndogo ya sekunde, na kishindo cha nyundo juu ya chuma hakisubiri. Kinapoingia, huziumiza seli zenye vinyweleo za sikio la ndani, na kwa binadamu seli hizo zikifa hazioti tena. Sauti za juu ndizo hutangulia kupotea. Kwa hiyo kazi ileile inayolinoa sikio la fundi ndiyo inayolila, na kwenye karakana za leo grenda imeongeza kelele juu ya kelele.

Naamini kuuenzi uhunzi kwa maneno huku tukiliacha sikio la mhunzi life ni kuuenzi nusu. Kijana anayeanza kazi ya vyuma mjini Sumbawanga, huko Ufipa, hukabidhiwa koleo na nyundo. Akabidhiwe na vizibo vya masikio siku hiyohiyo, viwe zana ya kazi. Vizibo hupunguza kishindo, na jembe lenye ufa bado atalitambua, leo na atakapokuwa mzee wa kufundisha wengine.