Mkanda wa Taimingi katika Njia ya Kashebere

Gari linalotegemewa katika njia itokayo Sake, huko Kivu Kaskazini, Kongo, ikapita Masisi na Nyabiondo hata kufika Kashebere, aghalabu ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya dizeli yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, ambayo Toyota iliitoa mwaka 1990. Na fundi aliye mbali na maduka ya Goma hana budi kufahamu kwamba pampu yake ya dizeli huendeshwa kwa gia, hali mkanda wa taimingi, ambao ni mfupi, huizungusha kamshafti peke yake. Hilux yenye injini ya 2L au 3L ni kinyume, kwani mkanda mmoja umebeba pampu na kamshafti pamoja.

Ama kazi yenyewe ya kubadili mkanda, krenki huzungushwa kwa spana, kwa upande uendao injini na si kinyume, mpaka alama zielekeane. Hapa ndipo wengi huhadaika: krenki huzunguka mara 2 kamshafti ikizunguka mara 1, basi alama ya krenki pekee ni shahidi wa nusu, na ile ya puli ya kamshafti ndiyo ya kuthibitisha. Kikazio kikiwa ni cha springi, mkanda mpya ukishavishwa na springi ikishauvuta, bolti ya kikazio haikazwi kwanza. Krenki huzungushwa kwa mkono mara 2 kamili, alama zikatazamwa tena, kisha bolti ikakazwa. Mkono ukikutana na ukinzani mgumu, fundi na asimame papo hapo, maana huenda pistoni imegusa valvu, na lau angalipiga stata, valvu zingalipinda. Hatua hii ya kuzungusha kwa mkono ndiyo irukwayo mvua inapokaribia. Kwangu mimi, ni afadhali gari lilale hapo.

Taa ya T-BELT, ikumbushayo kubadili mkanda, nayo huwaka kwa hesabu ya kilomita, 100,000 au 150,000 kwa kadiri ya toleo. Walakini kilomita 100,000 kwa mwendo wa 60 kwa saa ni kama saa 1,700 za injini. Kwa mwendo wa 15, topeni, ni zaidi ya saa 6,600, na taa haizijui. Ningeikata hesabu hiyo nusu, na kama mafuta yamevuja kwenye sili ya kamshafti, nisingengoja hata nusu hiyo.