Beji ya Glaida: Igeuze Mgongo Kwanza

Beji ya Glaida ya Jeshi la Marekani, ya askari waliopelekwa vitani kwa glaida (ndege isiyo na injini), ilitolewa kwa miaka minne tu. Iliidhinishwa Machi 1944 ikasitishwa Mei 1948. Waliokwisha kuipata waliruhusiwa kuendelea kuivaa, lakini hakuna askari mpya aliyeipata tena. Uchache huo umepandisha bei na kujaza soko beji za bandia, hivyo mnunuzi hana budi kujifunza kuikagua mwenyewe.

Muuzaji atakuonyesha uso wa beji, mabawa mawili na glaida katikati. (Mabawa yenye herufi G katikati ni ya marubani wa glaida, usiyachanganye na haya.) Wewe igeuze. Beji nyingi za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa kwa fedha ya 925 (sterling), kwa kuwa shaba ilihitajika kwenye silaha. Tafuta neno STERLING lililogongwa kwa herufi kali, mara nyingine pamoja na jina la mtengenezaji, kama N.S. Meyer wa New York. Zipo zenye pini moja ndefu na kifungio cha kuzungusha, na zipo zenye vishikizo viwili vya kubonyeza, ambavyo vilizidi kuenea baada ya vita. Ukikuta namba inayofuatwa na herufi M, kama 22M, hiyo ni alama ya kiwanda iliyokuja baada ya vita. Si bandia kwa hilo tu, kwani maveterani wengi walinunua nyingine badala ya zilizopotea. Ila haikutua Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, na usiilipie bei ya iliyotua.

Sasa chukua lenzi. Beji bora imepigwa: bamba la fedha limegandamizwa kwa nguvu kubwa kwenye muhuri wa chuma. Ndiyo maana kila unyoya wa bawa una ukingo wake, na bonde kati ya unyoya na mwenzake ni laini. Bandia nyingi zimemiminwa kwenye kalibu iliyotokana na beji halisi. Metali ikipoa hunywea, basi bandia huwa ndogo kidogo, manyoya yake yana ncha butu kama sabuni iliyotumika, na mabondeni mna vitundu vidogo vya hewa. Chunguza hasa pale glaida inapokutana na manyoya; hapo mwigaji hushindwa.

Rangi nayo ina maneno yake. Fedha hii ilitiwa weusi makusudi kiwandani, halafu miaka ya kuvaliwa ikang'arisha sehemu zilizoinuka na kuacha giza mabondeni. Weusi wa kughushi umelala sawasawa kila mahali, hata kwenye shina la pini ambalo lilipaswa kusuguliwa na kitambaa. Tafadhali usiisafishe beji ya zamani. Anayeisugua kwa dawa anafuta kazi ya kifua cha mtu.

Na kifua hicho kilistahili. Glaida aina ya Waco CG-4A ilikuwa na mifupa ya mabomba ya chuma, ngozi ya turubai na sakafu ya mbao nyembamba. Ilibeba askari 13 na marubani wawili, ikivutwa kwa kamba na ndege ya C-47, kisha ikaachwa ishuke bila injini. Askari wa miamvuli walikuwa na beji yao tangu 1941 pamoja na dola 50 za ziada kwa mwezi. Wenzao wa glaida awali hawakuwa na beji wala posho hiyo. Tarehe 6 Juni 1944, Brigedia Jenerali Don Pratt, naibu kamanda wa Divisheni ya 101, alifia ndani ya glaida iliyogonga ua wa miti huko Normandy. (Mabawa yenye herufi G katikati ni ya marubani wa glaida, usiyachanganye na haya.)

Kwa kuwa thamani ya beji imo katika historia ya aliyeivaa, ulizia karatasi. Fomu ya kuachishwa jeshi, WD AGO 53-55, ina kisanduku cha kuandikia sifa na beji za askari. Moto wa Julai 1973 kwenye hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi huko St. Louis uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 ya wanajeshi, hivyo nakala iliyobaki kabatini kwa familia mara nyingi ndiyo ushahidi pekee. Mimi ningechagua beji iliyochakaa yenye fomu hiyo kuliko inayong'aa isiyo na mwenyewe. Ukibahatika kupata vyote viwili, vihifadhi pamoja, na usikubali kuuza beji peke yake hata mnunuzi akiongeza dau.